Taabu ya Mkojo kwa Wanaume Watu Wazima



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, makonyo, majamvi ya kuanikia na bei ya msimu. Leo twaomba ruhusa yenu tuzungumze jambo jingine, ambalo watu wazima hulijua sana na kulisema kidogo. Nalo ni taabu ya mkojo inayowapata wanaume umri unapozidi, na tiba zake, na namna taabu hiyo na tiba hizo zinavyogusa maisha ya mtu nyumbani kwake na mbele ya watu.

Sababu ya kuliandika ni safari. Wajumbe watatu wa chama chetu tulivuka bara kwenda kuonana na wakulima wa korosho na mihogo wa Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Kibaha iko kadiri ya kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya Morogoro. Kisarawe iko upande wa kusini magharibi, ukishavipita vilima vya Pugu. Tulikwenda kujifunza habari za vyama vyao, tukarudi na habari hii pia.

Huko Kisarawe mwenyeji wetu, mzee aliyepita miaka 70, alitupa chumba chake, yeye akatandika mkeka barazani. Tulidhani ni heshima ya wageni. Usiku tukamsikia akiamka mara 5 kwenda nyuma ya nyumba, na kila mara akikawia huko. Asubuhi mkubwa wetu alimwuliza kwa upole, "Mzee, usiku umelala kweli?" Mzee akacheka, akasema, "Bwana, usingizi mimi niliuacha mwaka wa tatu sasa." Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata mwanawe anayefanya kazi mjini. Barazani alikuwa akilala kila siku, ili asimwamshe mkewe.

Huko Kibaha, baada ya sala ya isha, tulimtaja mzee huyo bila ya kumtaja jina. Watu wazima waliokuwapo wakanyamaza kidogo, kisha maneno yakafunguka. Mmoja akafunua shuka yake akatuonyesha mpira wa mkojo na mfuko wake uliofungwa pajani. Alikuwa nao mwezi wa nane akingoja fedha za kupasuliwa. Mwingine alikwisha pasuliwa, na mkojo wake unatoka vizuri, lakini alikuwa na huzuni nyingine tutakayoieleza mbele. Tuliporudi kisiwani tukawauliza wenzetu kwa siri. Tukakuta ni yale yale.

TEZI DUME NI KITU GANI

Kibofu ni mfuko wa mkojo. Chini yake, pale mkojo unapoanza kutoka, ipo tezi dume, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kwa kijana ukubwa wake ni kama kungumanga kubwa, na uzito wake kadiri ya gramu 20. Kazi yake ni kutoa maji yanayochanganyika na mbegu za uzazi.

Mwanaume akipita miaka 40 tezi hii huanza kukua tena, polepole. Madaktari waliochunguza tezi za maiti walikuta kwamba kadiri ya nusu ya wanaume waliokuwa na miaka baina ya 51 na 60 tezi zao zilikuwa zimekua, na kwa waliopita miaka 80 ilikuwa karibu wote. Kwa hivyo jambo hili ni kama mvi. Haliambukizi, si uchawi, wala si malipo ya mambo ya ujanani. Tena si kila tezi iliyokua huleta taabu. Wako wenye tezi kubwa wasioona lolote, na wenye tezi ya kiasi wanaoteseka.

Pete ikibana, kibofu hulazimika kusukuma kwa nguvu. Kikifanya hivyo kwa miaka, ukuta wake huwa mnene na hukosa subira, hutaka kutoa hata kabla hakijajaa. Tena mkojo hautoki wote. Fikiri pipa ambalo kila ukilifungulia hutoka nusu tu; lililobaki nusu hujaa upesi. Ndiyo maana mtu ambaye njia yake imebana huenda chooni mara nyingi kuliko mwenye njia pana.

Lakini si kila taabu ya mkojo ni tezi dume. Kisukari humfanya mtu akojoe sana. Kichocho, ambacho twakijua visiwani na wenzetu wa Pwani wanakijua, huleta damu na maumivu. Kisonono cha zamani kinaweza kuacha kovu katika mrija likaziba njia hata kwa mtu wa miaka 35. Mawe ya kibofu nayo yapo. Kwa sababu hiyo mtu asijipe jina la ugonjwa mwenyewe, wala asinunue dawa kwa kuambiwa na jirani.

MASWALI SABA NA MOJA

Mwaka 1992 madaktari wa mkojo wa Marekani walitoa maswali 7 ya kupima taabu hii, na leo hutumika duniani kote. Twayaeleza kwa maneno yetu, kila mwanachama ajiulize habari za mwezi mmoja uliopita:

1. Ukimaliza kukojoa, wahisi kwamba mkojo mwingine umebaki?
2. Warudi chooni kabla ya saa 2 kupita?
3. Mkojo hukatika ukaanza tena mara kadhaa?
4. Ukibanwa, ni vigumu kuuzuia?
5. Mkojo hutoka kwa udhaifu, bila ya nguvu?
6. Inakubidi ujikamue ndipo uanze?
7. Usiku waamka mara ngapi kwa ajili ya mkojo?

Kila swali lina alama tangu 0 mpaka 5, na jumla kubwa kabisa ni 35. Mwenye alama 0 mpaka 7 taabu yake ni ndogo. 8 mpaka 19 ni ya kati. 20 na kuzidi ni kubwa. Kwa wale wasiosoma, madaktari wa Afrika ya Kusini walitoa mwaka 2011 picha za kuonyesha kwa kidole, na picha hizo zimejaribiwa pia kwa wanaume wa vijijini huko Uganda.

Baada ya maswali hayo 7 lipo swali la peke yake, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Laulizwa hivi: kama hali yako ya mkojo ingebaki kama ilivyo leo mpaka mwisho wa umri wako, wewe ungeridhika au ungehuzunika? Swali hili halipimi mkojo, lapima maisha. Watu wawili wanaweza kuwa na alama sawasawa katika yale 7, mmoja akasema haoni taabu, wa pili akasema maisha yamemshinda. Daktari mwema huwatibu kwa njia mbalimbali, kwa sababu yanayopotea si sawa.

YANAYOPOTEA

Kwanza ni usingizi. Mtu anayeamka mara 5 usiku huingia shambani amechoka, na kwa sisi wapanda mikarafuu uchovu si jambo dogo. Kutoka chumbani gizani mara kwa mara huwaangusha wazee, na mzee akivunjika nyonga hurudi kuwa mtoto wa kuhudumiwa.

Pili ni safari. Wazee wa Kibaha walituambia kwamba wameacha kwenda mjini kwa basi, maana basi halisimami kila mtu anapobanwa. Hapa kwetu wako wanaoogopa chombo cha kwenda Unguja. Wengine hawanywi maji tangu jana yake ili wasafiri salama. Hilo ni kosa. Mkojo mzito huuchokoza zaidi mwili, na mtu hukauka kwa jua.

Tatu ni watu. Mwenye kuchuruzika hukaa mwisho wa baraza, kisha huacha baraza. Huacha arusi, huacha mazishi. Yule bwana wa mpira alituambia kwamba miezi minane hajaingia msikitini, kwa kuchelea harufu na kwa kudhani kwamba sala yake haisihi. Hapa twataka kusema wazi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii walikwisha eleza zamani hukumu ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo: ajisafishe, ajifunge barabara, achukue udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha asali bila ya kukawia, na kwa kila faradhi udhu wake. Kinachomtoka bila ya hiari yake baada ya hapo hakimzuilii sala yake. Aulize shekhe wake, lakini asijifungie mlango ambao dini haikumfungia.

Nne ni nyumba. Mume akihamia barazani bila ya kueleza, mke huhesabu kwamba amechokwa. Tuliona mambo haya kwa macho yetu. Bi mkubwa wa Kisarawe alidhani mumewe ana jambo moyoni juu yake. Kumbe mzee alikuwa akimwonea huruma.

TIBA, NA YANAYOKUJA PAMOJA NAYO

Kwa taabu ndogo huenda dawa isihitajiwe. Mtu apunguze kunywa saa 2 au 3 kabla ya kulala, na kahawa ya jioni ya barazani aifanye ya asubuhi, maana kahawa na chai huongeza mkojo. Akojoe, angoje kidogo, akojoe tena. Ajihadhari na baadhi ya dawa za mafua, ambazo huweza kuuzuia mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa.

Dawa za vidonge ni za namna mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza, kama tamsulosin, hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, na nafuu huonekana kwa siku au wiki chache. Lakini huweza kumtia mtu kizunguzungu anapoinuka, hasa siku za mwanzo. Mwanachama anayeanza dawa hii asipande mkarafuu mpaka ajue mwili wake umeipokeaje. Tena huweza kupunguza manii yanayotoka. Ya pili, kama finasteride, huipunguza tezi yenyewe, nayo yataka subira ya miezi 6 au zaidi. Kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya ndoa. Mwanamke mwenye mimba asishike kidonge chake kilichovunjika, kwani chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Mti nao wapo. Gome la Prunus africana, mti wa misitu ya milimani ya Afrika, limeuzwa Ulaya kwa miaka mingi kuwa dawa ya tezi dume, nalo huwapa baadhi ya watu nafuu ya kiasi. Miti hiyo ilichunwa ovyo mpaka tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya ulinzi. Sisi wenye kuishi kwa miti tutaelewa. Lakini unga wa magome unaouzwa njiani bila ya jina hauna kipimo, na mwenye kuutegemea huenda akapoteza wakati wa kutibiwa.

Dawa zikishindwa, au mkojo ukizuilika, au figo zikianza kudhurika, ndipo huja upasuaji. Sir Peter Freyer huko London aliutangaza sana upasuaji wa kuitoa tezi kwa kupitia kibofu mwanzoni mwa karne ya 20, na upasuaji wa wazi wa namna hiyo bado wafanywa mahali pengi. Siku hizi iko pia njia ya kuingiza chombo katika mrija wa mkojo na kuipunguza tezi kutoka ndani, bila ya kukata tumbo. Kwa walio wengi nafuu ni kubwa: mkojo hutoka kwa nguvu na usingizi hurudi.

Sasa twarudi kwa yule bwana wa Kibaha aliyekwisha pasuliwa. Baada ya kupona alirudi kwa mkewe, akaona nguvu zipo lakini manii hayatoki. Hakuna aliyemwambia habari hiyo mbele. Mahali alipopasuliwa hatupataji. Akasadiki kwamba amekwisha kuwa mwanaume, akaanza kutafuta waganga, akauza mbuzi wawili. Mwisho daktari mwingine alimweleza kwa dakika 5: baada ya upasuaji huu, kwa wanaume wengi, shingo ya kibofu haifungi kama zamani, manii hurudi nyuma kibofuni, kisha hutoka na mkojo. Hayamdhuru mtu wala hayaondoi ladha ya ndoa, ila hupunguza sana uwezo wa kupata mtoto. Wachache hupungukiwa na nguvu zenyewe, na wachache huchuruzika kwa muda au zaidi. Alituambia, "Ningelijua mbele, ningelikubali vile vile. Lakini nisingelilia."

Maneno hayo twawaachia wanachama wayashike. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari mambo manne: nitapata nini, nitapoteza nini, kuna njia gani nyingine, na nikingoja itakuwaje. Ukiweza, mke wako awepo.

MPIRA WA MKOJO

Mkojo ukizuilika kabisa, tumbo la chini likajaa na maumivu yakawa makali, hilo si jambo la kungoja asubuhi. Mtu apelekwe hospitali saa ile ile akatiwe mpira. Mpira huokoa figo na huokoa roho. Ila mpira ni wa kuvukia tu, na kwa wengi huwa makao, kwa sababu ya fedha na foleni.

Mwenye mpira anawe mikono kabla ya kuushika na baada yake. Mfuko ukae chini kuliko kibofu, mchana na usiku, wala usilazwe sakafuni. Anywe maji ya kutosha. Mpira ubadilishwe hospitali kwa siku aliyoambiwa, aghalabu wiki 4 mpaka 6 kwa mipira ya kawaida, na hadi 12 kwa ile ya silikoni. Asiuvute, ndani kuna puto lililojaa maji, na kuuvuta kwararua. Homa, baridi, damu nyingi au mpira kuacha kutoa mkojo ni dalili za kurudi hospitali upesi.

JUU YA SARATANI

Tezi kukua si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Lakini magonjwa hayo mawili yaweza kukaa katika tezi moja, na saratani mwanzoni huwa kimya. Katika Tanzania saratani ya tezi dume ni mojawapo ya zile zinazoonekana kwa wingi zaidi kwa wanaume. Watu weusi, na wale ambao baba au ndugu zao waliugua, wana hatari zaidi. Hao wazungumze na daktari juu ya kupimwa tangu miaka 45 hivi. Kipimo cha damu kiitwacho PSA hutoa ishara tu. Hupanda pia kwa tezi iliyokua au yenye uambukizo, na anayetumia finasteride amwambie daktari, kwani dawa hiyo hukishusha kadiri ya nusu. Kipimo cha kidole hufanywa kwa muda mfupi mno, na aibu yake ni ndogo kuliko hasara ya kukikataa. Kinachothibitisha saratani ni kipande cha nyama ya tezi kinachotazamwa katika hadubini.

Saratani ikiwa bado ndani ya tezi, yaweza kutolewa kwa upasuaji au kuchomwa kwa mionzi, kama inavyofanywa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ikiwa imetawanyika mifupani, hutibiwa kwa kuizuilia homoni ya kiume. Njia hiyo ilionyeshwa mwaka 1941 na Charles Huggins wa Chicago, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 1966. Hufanywa kwa sindano au kwa kutoa korodani. Huondoa maumivu na huongeza umri, lakini huleta joto la ghafula mwilini, hupunguza hamu ya ndoa na hudhoofisha mifupa. Haya nayo mgonjwa ana haki ya kuambiwa mbele.

SHAURI LETU

Damu katika mkojo, mkojo kuzuilika, maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa mtu mzima, au kuamka usiku mara 3 na kuzidi, ni sababu za kutosha kwenda kupimwa. Hapa kwetu aanze kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya au Mnazi Mmoja. Wenzetu wa Pwani wana hospitali ya wilaya ya Kisarawe na ile ya Tumbi, Kibaha. Aende na jibu la maswali 7 limeandikwa karatasini. Huokoa wakati, na anayeona haya hatalazimika kusema mengi.

Vijana nao twawaomba. Baba akihamia barazani, akikataa safari, akiacha msikiti, msimkasirikie kwamba amekuwa mkaidi. Mwulizeni faraghani, mtoto wa kiume kwa baba yake. Halmashauri imekubali kwamba mwanachama mwenye haja ya fedha za tiba hii aje ofisini kama ajavyo kwa maradhi mengine, na barua yake haitasomwa mbele ya watu.

Mzee wetu wa Kisarawe alipelekwa hospitali na mwanawe baada ya sisi kuondoka. Alipimwa, akaambiwa tezi imekua na si saratani, akapewa vidonge. Juzi tulimpigia simu kumjulia hali. Akatuambia kwamba amerudi chumbani kwake, na sasa huamka mara 2 tu. "Na ya pili," akasema, "ni ya alfajiri, hiyo ningeamka tu."

Wassalaam.

Katibu, kwa niaba ya Halmashauri